Tukalala: Hema, Kambi na Usiku wa Mto Kagera

Msomaji yeyote wa vitabu vya safari anaujua ukurasa huu. Mwandishi amefika jioni. Jua linazama, mto unaonekana chini ya mlima, watu wanakusanya kuni, naye anakaa mbele ya hema lake na kuanza kutueleza nchi. Karagwe alifika mwaka 1861, akaja tena kwa jina jingine mwaka 1876, na siku hizi anakuja na begi la kulalia mgongoni na simu mkononi. Ukurasa umebaki uleule.

Naandika haya nikiwa Nyaishozi, na niseme mapema kwamba mahali hapa panaathiri usomaji wangu. Jina lenyewe limebeba mlima: ndani yake nasikia shina -shozi, ndugu wa olusozi wa Luganda na umusozi wa Kinyarwanda. Upande wa magharibi milima inashuka kuelekea Kagera, na ng'ambo ya mto ni Rwanda. Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa, yaliyokuwa mapori ya akiba, yalipandishwa hadhi kuwa hifadhi za taifa mwaka 2019. Maana yake wageni wa kulala kwenye mahema wataongezeka, na pamoja nao yataongezeka maandishi kuhusu usiku wa huku. Mengine yatakuwa kwa Kiswahili, na yatasomwa na watoto wetu kama picha ya kwao. Kwa hiyo nauliza: usiku wa kambini unaandikwaje, na nani anahesabiwa kuwa alilala pale?

Hema kama dirisha

Tuanze na wale wa kwanza kuuandika kwa Kiingereza. John Hanning Speke na James Augustus Grant waliingia Karagwe Novemba 1861 wakitafuta chanzo cha Nile, wakapokewa vizuri na Omukama Rumanyika. Speke alitoa kitabu chake mwaka 1863, Journal of the Discovery of the Source of the Nile. Grant alifuata mwaka 1864 na A Walk Across Africa. Wote wawili wanaisifu Karagwe: baridi yake, milima yake, ustaarabu wa mwenyeji wao.

Lakini angalia sifa zenyewe zinavyofanya kazi. Kuna ziwa dogo chini ya milima, karibu na makao ya Rumanyika. Grant aliona linafanana na ziwa Windermere la kwao Uingereza, na Speke akaliita Little Windermere. Mtu amekaa juu ya kilima cha Karagwe, anatazama maji ya Karagwe, na anachokiona ni nyumbani kwao. Hema limekuwa dirisha, na dirisha linafungukia Uingereza. Henry Morton Stanley alipofika mwaka 1876 alikuta jina hilo liko tayari kwenye ramani, akaliendeleza. Kisha Kagera, ambayo Speke alikuwa ameiandika kwa jina la Kitangule alilolisikia kwa wenyeji, Stanley akaipa jina la Alexandra Nile.

Kulaumu majina haya ni kazi rahisi na imeshafanywa sana. Mimi napenda kuyaangalia kama mbinu ya uandishi. Mandhari inayofananishwa na ya kwetu haihitaji kuulizwa maswali. Ukishasema "hapa ni kama Windermere", umemaliza kazi. Msomaji wako wa London ameshaona picha kichwani, na wewe unaweza kwenda kulala. Ulinganisho unakuokoa na kazi ya kutazama.

Kati ya hao watatu, anayenivutia zaidi ni Grant, na sababu yake ni mguu. Alipata kidonda kibaya, hakuweza kutembea, na Speke alipoondoka kwenda Buganda Januari 1862, Grant alibaki Karagwe hadi Aprili. Kitabu kinabeba jina la kutembea, lakini kurasa zake za Karagwe zinatoka kwa mtu aliyelala chali. Na ndizo zenye uhai. Anaitaja nanga, ala ya nyuzi ya huku, anawaona watu wanaoingia na kutoka, anazijua siku za kawaida ambazo hakuna jambo kubwa linalotokea. Mgonjwa halali usiku mmoja akaondoka. Kukaa kunamlazimisha kusikia, na kusikia ndiko kunakomwondolea lile dirisha.

Kisha kuna Mtagata. Stanley alikwenda kwenye chemchemi hizo za maji moto mwaka 1876 na akazieleza katika Through the Dark Continent, kilichotoka mwaka 1878. Anaeleza jinsi watu wa nchi za jirani walivyokuja kuoga maji yale wakitafuta nafuu. Mimi nimeisoma sehemu hiyo mara kadhaa kwa sababu inabomoa dhana moja tuliyonayo kichwani, kwamba kulala nje ya nyumba yako, penye maji, chini ya mlima, ni jambo tuliloletewa na mtalii. Hapana. Kabla ya mtalii kulikuwa na mgonjwa na jamaa zake waliomleta, na chungu chao cha kupikia. Stanley aliwaona kama sehemu ya mandhari, wakati wao ndio waliokuwa wageni wa kambi ile kabla yake, na kwa haja kubwa kuliko yake.

Na waliomleta Stanley je? Aliondoka Bagamoyo Novemba 1874 na watu zaidi ya 300. Vijana watatu wa Kiingereza aliokuja nao, wawili walikuwa wameshakufa alipofika Karagwe, na kitabu kinawaomboleza kwa majina. Wapo pia waongozaji anaowataja kwa majina, kama Manwa Sera. Lakini wengi waliobeba mizigo, pamoja na vipande vya ile mashua yake iitwayo Lady Alice, wanapita kwa hesabu ya vichwa. Usiku unapoingia, wao ndio moto unaoonekana kwa mbali na makelele yanayosikika nyuma ya hema. Ukurasa mzuri wa jioni unahitaji watu wa kuwasha moto, ila hauwahitaji kama watu.

Kitenzi kimoja kinatosha

Sasa tugeukie kwetu. Mwaka 1901 Carl Velten, Mjerumani, alichapisha Safari za Wasuaheli, mkusanyiko wa habari za safari zilizosimuliwa kwa Kiswahili na Waswahili wenyewe. Yumo Selemani bin Mwenye Chande aliyekwenda bara na msafara wa biashara. Yumo Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye wengi tunamjua kwa Desturi za Wasuaheli. Yumo Salim bin Abakari, aliyefuatana na bwana wake Mjerumani hadi Urusi, Siberia na Samarkand. Ndiyo, Mswahili ameandika usiku wa Siberia kabla wengi wetu hatujajua kwamba kuna neno "utalii".

Msomaji aliyetoka kwa Stanley akaingia humo anaweza kuvunjika moyo. Mlima uko wapi? Jua la jioni liko wapi? Anakutana na mfululizo wa vitenzi vyenye -ka-: wakaondoka, wakafika, wakapiga kambi, wakalala, wakaamka. Usiku mzima, pamoja na mto na baridi na sauti zake, unaingia katika neno moja: tukalala.

Kwa muda mrefu watu wamesoma hiyo kama upungufu, eti Waswahili hawakuwa na jicho la mandhari. Mimi nasoma tofauti. Neno tukalala lina mambo mawili ambayo ukurasa wa Stanley hauna. La kwanza ni tu-. Mtendaji wa usiku ni wengi. Hakuna anayekaa mbele ya hema peke yake huku wengine wakiwa makelele ya nyuma. La pili ni kwamba kulala ni kipimo. Mswahili wa msafara anahesabu nchi kwa malazi: kutoka hapa mpaka pale tulilala mara tatu. Usiku haujitengi na njia uwe burudani. Ndio unaoifanya njia ihesabike. Hata leo mtu akitoka safari ndefu swali la kwanza ni lile lile, "mlilala wapi?" Anayeuliza hatafuti sifa za mandhari. Anataka kujua nani alikupokea, ulikula nini, ulikuwa salama?

Lakini tusijidanganye. Hiyo tu- nayo inaficha. Chukua maisha ya Tippu Tip, Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyosimulia mwenyewe kwa Kiswahili na kuchapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20. Nathari yake ni nyepesi na ya kasi, na nadhani ni miongoni mwa nathari bora tulizonazo za wakati ule. Lakini nani yumo ndani ya "sisi" yake? Mpagazi yumo wakati wa kulala, hayumo wakati pembe za ndovu zinauzwa. Mtumwa analala kambi moja na bwana wake, na sarufi inawaweka chini ya kiambishi kimoja kana kwamba wamelala usingizi mmoja. Stanley anawaacha nje ya hema waziwazi. Huyu anawaingiza ndani ya neno na kuwanyamazisha humohumo. Sijui lipi ni baya zaidi, na nadhani mhakiki hana haja ya kuchagua. Anachohitaji ni kuuliza swali lilelile mara mbili.

Neno kambi

Kiswahili kina maneno kadhaa ya malazi ya muda. Wavuvi wa pwani huenda dago, wakakaa mbali na kwao mpaka msimu uishe. Lakini neno tulilolizoea wote ni kambi, na neno hilo mtu wa Kagera halisikii kama mtu wa Dar es Salaam anavyolisikia.

Mwaka jana nililala usiku mmoja kwenye mahema upande wa mto. Mlinzi alikuwa mzee wa hukuhuku. Nilimsalimia, "Shikamoo mzee," akaitikia, akaniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia Nyaishozi. Akacheka sana.

"Wa Nyaishozi unakuja kulala kwenye turubai? Nyumba imeungua?"

Nikamweleza kwamba naandika kuhusu vitabu vya watu waliolala kambini. Akanyamaza kidogo, akanipa punje za kahawa ya kutafuna, kisha akasema: "Mwanangu, mimi kambi naijua ya mwaka tisini na nne. Maturubai, kilima hiki mpaka kile. Hakuna aliyekuwa anasifia hewa."

Sikuwa na la kujibu. Aprili 1994, ndani ya takriban saa 24, karibu watu robo milioni walivuka daraja la Rusumo wakiingia Ngara wakiikimbia Rwanda, na Benaco ikawa mji wa maturubai. Karagwe nayo ilipokea wakimbizi na kuwa na kambi. Mto ulikuwa na safari yake nyingine. Kagera inatoka Rusumo, inapanda kaskazini ikipita kando ya nchi yetu hii, kisha inageuka kwenda ziwani. Mwaka ule ilibeba maiti za waliouawa mpaka Ziwa Victoria, na wavuvi wa upande wa Uganda ndio waliozitoa majini na kuzizika.

Sasa rudi kwenye sentensi ya kawaida ya mtalii: "tulipiga kambi kando ya mto, tukafurahia utulivu." Kila neno ndani yake ni la kweli. Mto upo, utulivu upo. Lakini kwa sikio la yule mzee, maneno kambi na mto yakikaa pamoja katika sentensi moja yanaita kitu kingine kabisa, na mwandishi asiyejua hilo ameandika zaidi ya alivyokusudia. Sisemi kwamba kila anayelala Kagera lazima aandike maombolezo. Mtu ana haki ya kufurahi, na wenyeji wenyewe wanataka wageni waje wafurahi waache hela. Ninachodai ni kwamba mwandishi ajue maneno yake yamelala wapi kabla ya kufika kwake.

Kuona gizani

Maandishi ya utalii ya Kiswahili ya sasa yameshachagua upande, na nadhani yamechagua vibaya. Yameiacha tu- ya msafara yakachukua hema la Stanley, tena bila bidii ya Stanley. Maana Stanley, pamoja na yote, alipima, aliuliza, aliandika kurasa nyingi. Sisi tumechukua kiti chake tu. Soma matangazo na makala za safari: mandhari ya kuvutia, hewa safi, vivutio vya kipekee. Ondoa jina la Kagera weka Ruaha, ondoa Ruaha weka Rufiji, hakuna kitakachoharibika. Little Windermere angalau ilikuwa na ziwa moja akilini. "Mandhari ya kuvutia" haina hata moja.

Kuna jambo jingine ambalo lilinichukua muda kuligundua. Ukurasa wa hema unang'ang'ania kuona wakati wa saa ambazo hakuna kinachoonekana. Usiku wa Karagwe usio na mwezi ni mweusi kabisa. Yule mzee aliniambia nizime tochi kwanza ndipo niseme nimekaa na usiku. Nilipoizima nikaanza kusikia: upepo kwenye mafunjo, kiboko akikoroma majini, na kwa mbali sana pikipiki ya mtu anayerudi kwake kwenye mlima ambao mchana niliuona kama pori tupu. Hiyo pikipiki isingeingia kwenye picha ya mtalii. Inaharibu utulivu. Lakini ndiyo iliyonijulisha kwamba kuna watu huko, wana nyumba na wanarudi kulala.

Na hapa fasihi ya huku ilikuwa mbele ya wageni wake wote. Sanaa ya nanga katika Karagwe na Buhaya, ambayo Mugyabuso Mulokozi ameichunguza kwa kina kuliko mtu yeyote ninayemjua, ni sanaa ya sikio. Mwimbaji anakaa na ala yake, watu wanamzunguka, mashujaa na wafalme wanapita katika sauti. Hakuna anayehitaji kuona mlima. Mlima umeitwa kwa jina na kila aliyekaa pale anajua nani alikufa juu yake. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya mandhari na mahali. Mandhari inatosha kuangaliwa, lakini mahali hapajui mtu mpaka asikie habari zake kwa mwingine. Grant, kwenye kitanda chake cha ugonjwa, aliikaribia kidogo elimu hiyo. Wenzake wawili waliipita wakielekea chanzo cha mto.

Kwa hiyo nikisoma makala ya usiku wa kambini siku hizi, iwe ya Mtanzania au ya mgeni, naipima kwa maswali machache. Nani alilisimamisha hema na yeye alilala wapi? Mto unaitwaje na wanaoishi kando yake, na umewahi kubeba nini? Kuna sauti moja katika makala nzima ambayo si ya mwandishi? Makala ikijibu hata moja kwa uaminifu, mimi naisoma mpaka mwisho hata kama Kiswahili chake kina kasoro. Isipojibu, hata ikiwa na machweo kumi, naifunga.

Na nina ombi kwa wenye mashine za kuchapa na pesa kidogo. Katika maduka ya vitabu niliyozunguka huku Kagera, Safari za Wasuaheli sijakiona hata mara moja. Kina zaidi ya miaka 120, kimeandikwa kwa Kiswahili, na kijana wa Karagwe anayetaka kuandika safari anaweza kumpata Stanley bure mtandaoni kwa dakika mbili, lakini kumpata Selemani bin Mwenye Chande ni kazi. Kitolewe upya kwa tahajia ya sasa, na dibaji inayosema ukweli kuhusu wapagazi na watumwa waliomo ndani ya ile tu-. Akisome pamoja na Grant na Stanley, bila kuwaogopa wala kuwaabudu, halafu aende akalale kando ya Kagera na kalamu yake. Mimi niko tayari kusoma atakachorudi nacho.